Jumamosi Moja Marseille na Binti Yangu



Wasomaji wapenzi, tangu binti yangu aende kusoma Ufaransa miaka miwili iliyopita, haipiti wiki ila mtu hunisimamisha baada ya darsa na kuniuliza swali lile lile. Wengine huuliza kwa upole, "Sheikh, mtoto hajambo huko?" Wengine, hasa kina mama wenye mabinti waliomaliza sekondari kwa alama nzuri, huuliza waziwazi, "Je, nasi tuwaachilie waende?" Nilikuwa nikiwajibu kwa dua na kushika njia yangu. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Suala la mwanamke kusafiri bila mahram wanachuoni wamelizungumza kwa kirefu, wala sikusudii kulifungua katika ukurasa huu. Binti yangu alisindikizwa na kaka yake mpaka mlango wa bweni la wasichana, na hilo lilitimizwa. Lakini baada ya kaka mtu kurudi, mimi na mama yake tulibaki na simu tu. Kila Ijumaa nilimpigia, nikamuuliza kama ameswali, kama amejisitiri, kama anakula halali. Naye alijibu, "Naam, Baba." Majibu yalikuwa mazuri kiasi cha kunitia wasiwasi.

Katika baraza ya ukoo kaka yangu mkubwa hakuficha rai yake. "Mrudishe," alisema. "Vyuo vipo hapa." Basi nilipopata nafasi ya kwenda kumtazama mwezi wa Oktoba uliopita, nilikwenda na nia mbili: kumwona, na kuamua. Hiyo ya pili sikumwambia mtu, ingawa nadhani mke wangu aliijua. Usiku wa kuamkia safari alinifungia bizari ya pilau, ukwaju, na doti mbili za leso. "Moja ya mtoto," akasema, "na moja ya yule mama." Nikamuuliza ni mama yupi. "Ukifika utamjua," akanijibu, akaendelea kufunga mzigo.

Binti yangu anaishi Aix-en-Provence, mji wa vyuo ulio kilomita 30 hivi kutoka Marseille. Siku ya nne ya ugeni wangu akaniambia, "Baba, Jumamosi mimi na wenzangu tumepanga kwenda kutembea Marseille. Utafuatana nasi?" Nikakubali haraka, nikijisemea moyoni kwamba mtu humjua mwanawe akiwa na wenzake.

Wenzake walikuwa wawili. Majina yao sitayataja, kwa kuwa wazazi wao hawajanipa idhini. Mmoja ni Mngazija aliyezaliwa Marseille, msichana mrefu mwenye hijabu nyeusi na kicheko cha karibu. Wa pili ametoka Constantine, Algeria, naye alikuwa kichwa wazi, nywele zake amezifunga kwa utepe. Nilipomwona huyu wa pili, nikasema moyoni, "Haya, tumeanza." Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe kwa dhana ile.

Basi la kutoka Aix huchukua chini ya saa moja, nalo huteremsha abiria kwenye kituo cha reli cha Saint-Charles, kilicho juu ya kilima. Masafa hayo hayafiki ya kupunguza swala, nami nilikuwa nimenuia kukaa majuma mawili, kwa hiyo swala zetu za siku ile zote zilikuwa timamu. Nalitaja hili mapema kwa kuwa nawajua wanafunzi wangu, wataniuliza.

Mbele ya kituo kuna ngazi pana ya vidato 104 iteremkayo mjini. Ilijengwa miaka ya 1920, zama ambazo Ufaransa ilijivunia makoloni yake, na Marseille ndiyo iliyokuwa lango la kuyaendea. Chini ya ngazi, kila upande mmoja, yapo masanamu ya mawe: upande huu mwanamke aliyelala ubavuni akiwakilisha makoloni ya Asia, na upande ule mwanamke mwingine akiwakilisha makoloni ya Afrika. Wamechongwa wamejinyoosha, miili nusu wazi, kama watu wasio na kazi ila kungojea kutazamwa. Yule Mualgeria akasimama mbele ya sanamu la Afrika. "Baba," akaniambia kwa Kiarabu, maana hiyo ndiyo lugha tuliyoelewana, "hivi ndivyo walivyotuona bibi zetu." Kisha akaliweka sawa begi lake la vitabu begani, akaendelea kushuka. Binti mwenye kichwa wazi alikuwa amechukizwa na utupu wa lile jiwe kabla yangu mimi.

Tukateremka hadi Bandari ya Kale. Marseille ndio mji mkongwe kuliko yote mikubwa ya Ufaransa. Uliasisiwa na wafanyabiashara wa Kiyunani takriban miaka 600 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.), na waliuanzisha hapo hapo penye ghuba hii nyembamba iliyoingia ndani ya nchi kama kidole. Mtu wa Mombasa au Lamu hahitaji kuelezwa kwa nini. Maji yametulia, mlango wa kuingilia ni mwembamba, na ngome mbili zimeukalia huku na huku. Pembeni mwa maji, kila asubuhi, wavuvi na wake zao huuza samaki kwenye meza, wengine wakirukaruka bado. Niliona pweza, niliona mkunga, na nikaona samaki wekundu wa mwambani wenye miiba mikali. Hao ndio wa mchuzi mashuhuri wa mji huu uitwao bouillabaisse. Zamani ulikuwa chakula cha wavuvi, waliochemsha samaki waliokosa mnunuzi. Leo ni sahani ya matajiri. Kwa kina mama watakaobahatika kufika: samaki ni halali, lakini baadhi ya wapishi hutia mvinyo katika supu hiyo, kwa hiyo ulizeni kwanza. Sisi hatukuila. Binti yangu alikuwa amekadiria matumizi ya siku nzima katika kijikaratasi, na mchuzi ule ungemeza yote.

Jirani na meza za samaki kuna paa kubwa lisilo na kuta, lililosimama juu ya nguzo nyembamba. Lilisanifiwa na Mwingereza Norman Foster, likakamilika mwaka 2013. Upande wake wa chini ni kioo kitupu. Ukisimama chini yake na kuinua uso unajiona juu chini, na ulimwengu wote pamoja nawe. Wasichana wale wakacheka mpaka wakakaa chini. Mimi nikainua macho, nikaona mzee mwenye kanzu na koti zito, kofia yake imeelekea ardhini, watoto watatu wamemzunguka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilimwona binti yangu akicheka vile mbele yangu.

Kutoka hapo tulipanda basi namba 60, ambalo hukwea mpaka juu ya kilima kirefu kuliko vyote mjini, penye kanisa la Notre-Dame de la Garde. Kanisa hilo lilizinduliwa mwaka 1864, na juu ya mnara wake lina sanamu kubwa la dhahabu linaloonekana na mabaharia kutoka mbali. Hatukuingia ndani. Tulikaa kwenye uwanda wa nje, ambao ndio unaopendwa na watu wengi kwa mandhari yake. Upepo uitwao mistral ulikuwa ukivuma. Huo hutoka kaskazini ukishuka bonde la mto Rhône, nao ni mkavu na wa baridi kali. Sisi kaskazi yetu huleta joto na majahazi. Kaskazi yao huleta mafua. Lakini husafisha anga, na siku ile tuliona mbali: paa nyekundu za mji, visiwa vyeupe visivyo na mti mrefu, na gereza la kale la Château d'If juu ya mwamba wake baharini. Alexandre Dumas ndiye aliyeifanya ngome hiyo ijulikane duniani katika riwaya yake ya Count of Monte Cristo, na bibi mzaa baba wa mwandishi huyo alikuwa mwanamke mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa mtumwa huko Haiti. Upande wa pili, kwenye bandari mpya, meli kubwa nyeupe ilikuwa ikijiandaa kuondoka. Yule Mualgeria akaniambia kwamba huko ndiko zinakotoka meli za kwenda Algiers, kwao.

Kisha akatuongoza ukutani. "Tazama hapa, Baba." Katika mawe ya kanisa palikuwa na vishimo vingi. Ni alama za risasi na mabomu ya Agosti 1944, mji ulipokombolewa kutoka kwa Wajerumani. Waliopigana kuupanda mlima ule tarehe 25 Agosti, nyumba kwa nyumba, walikuwa katika safu za mbele askari wa Algeria waliokuwa katika jeshi la Ufaransa. Siku tatu baadaye Wajerumani walijisalimisha. "Babu ya mama yangu alivuka bahari na jeshi hilo," alisema. "Alirudi nyumbani bila mkono mmoja." Nikakumbuka wazee wetu waliochukuliwa na Waingereza katika King's African Rifles kwenda kupigana Burma vitani humo humo, na jinsi walivyorejea wakakaa kimya barazani. Nikawasomea Fatiha wote, wa Burma na wa Marseille, na yule binti akainua mikono akaitikia Amin. Akalia kidogo, akajipangusa kwa utepe wa nywele zake.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba hijabu si faradhi. Ni faradhi, na huyo binti mwenyewe hakunibishia. Nasema kwamba nilikuwa nimemfunga katika hukumu moja tangu kituo cha basi, na kufikia saa tano ya asubuhi alikuwa amenifundisha mambo mawili.

Adhuhuri ilitukuta nyumbani kwa wazazi wa yule Mngazija, katika mitaa ya kaskazini ya mji, ghorofa ya tisa ya jengo ambalo lifti yake haikufanya kazi. Wangazija wa Marseille ni makumi ya maelfu. Wengi wa wa kwanza wao walikuwa mabaharia na wafanyakazi wa meli, kisha wakafuatiwa na jamaa zao, na leo ni vigumu kutaja mji mwingine nje ya visiwa vyenyewe wenye Wangazija wengi namna hiyo. Mwenye nyumba alitupokea mlangoni, mtu mzima wa makamo, mstaafu wa bandarini. Nyuma yake akasimama mkewe. Nikajua papo hapo kwamba huyu ndiye "yule mama", kwa sababu binti yangu alivua viatu na kupita moja kwa moja jikoni, kama mtu anayeingia kwao.

Nikamkabidhi ile doti ya leso kutoka kwa mke wangu. Akaipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Marahaba!" Nikashtuka. Kwetu marahaba ni jibu la shikamoo, nami sikuwa nimemwamkia shikamoo, wala hakuwa mkubwa wangu kwa umri. Binti yangu alicheka akanifafanulia: Kingazija marahaba ni ahsante. Basi tukacheka wote, na tangu hapo kila nilipopewa kitu nikawa nasema marahaba, nao wakifurahi. Mama yule akaikunjua leso ukumbini. Ilikuwa imeandikwa: Popote uendapo dua zangu zi nawe. Akaisoma polepole, neno kwa neno, na hakuhitaji tafsiri. Akaikunja tena, akaibana kifuani, akaingia chumbani nayo. Nikaona macho yake yamelowa, nami sikuelewa sababu.

Tuliswali jamaa ukumbini, mwenye nyumba akinitanguliza. Kwetu Mombasa tunapoelekea kibla huwa karibu tumeelekea kaskazini, na hata neno kibla kwa wazee wa pwani ni jina la upande huo. Hapa kibla ni mashariki kwa kusini, upande wa dirisha lililofunguka kwenye maghorofa mengine. Tukaelekea huko. Kisha pakaandikwa chakula: wali, kuku wa kukaanga, kisamvu cha nazi wanachokiita mataba, na mkate wa ufuta ambao wao huuita mkatra futra. Kwa ladha ningeweza kuwa Kibokoni.

Mazungumzo yalikwenda kwa masheikh. Wale wenyeji walijua kwamba Habib Swaleh, aliyeasisi Riyadha ya Lamu, alizaliwa Ngazija kwao. Walijua kwamba Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi mkubwa wa Zanzibar, naye alizaliwa huko. Mimi nimesoma Lamu, na kwa miaka mingi nimesimulia kwamba elimu yetu ililetwa na watu waliovuka bahari wakiwa vijana, mbali na mama zao. Sikuwahi kuwafikiria mama zao.

Nikamuuliza binti mwenye nyumba jinsi alivyokulia hapa na hijabu yake. Akanieleza kwamba sheria ya Machi 2004 inawakataza wanafunzi wa shule za serikali, kuanzia za msingi hadi za sekondari, kuvaa alama za dini zinazoonekana waziwazi. Kwa hiyo tangu alipoanza kujifunika alikuwa akiivua hijabu kwenye lango la shule kila asubuhi na kuivaa tena kila jioni, kwa miaka mitano. Chuo kikuu sheria hiyo haiwahusu wanafunzi, na siku ya kwanza alipopita lango la chuo bila kuivua, alisimama kando akampigia mama yake simu. Wazazi wanaouliza habari za niqabu nao wajue kwamba iko sheria nyingine, iliyoanza kutumika Aprili 2011, inayokataza kufunika uso mahali pa umma. Ni vema mzazi ayajue haya kabla ya kununua tiketi.

Tulipoaga, yule mama alinisindikiza na mumewe mpaka kwenye ngazi. Akanambia kwa Kingazija cha polepole, nami nikakielewa: "Mtoto wako ni mtoto wangu. Usimkasirikie." Nikasema marahaba, lakini neno hilo la mwisho likanikaa moyoni. Nimkasirikie kwa lipi?

Alasiri iliingia kama saa kumi na nusu, tukiwa kwenye ufuo wa mlango wa bandari, penye jumba la makumbusho ya ustaarabu wa nchi za Bahari ya Kati liitwalo Mucem. Lilifunguliwa mwaka 2013, na msanifu wake, Rudy Ricciotti, ni mzaliwa wa Algeria. Limevishwa wavu wa zege jeusi wenye matundu matundu, mfano wa zile jali za mbao za madirisha ya Waarabu, na jua likipenya huchora sakafuni kama maji yanayocheza. Kuna daraja jembamba liendalo kutoka juu ya paa lake hadi kwenye ngome ya kale ya Saint-Jean, na kupita humo hakulipiwi. Ndiyo maana wanafunzi hupapenda.

Ndani ya ngome, kwenye bustani iliyo nyuma ya ukuta, wasichana walitafuta pembe isiyopitwa na watu. Binti yangu akatoa kwenye begi lake ile leso nyingine ya mama yake, akaitandika. Mngazija akatoa yake. Yule Mualgeria akatoa mtandio begini, akajifunika vizuri, akasimama nao. Nikawaswalisha, upepo ukivuta kanzu yangu. Watalii wawili walipita, wakatazama, wakaenda zao.

Baada ya salamu wale wenzake wawili wakatazamana, wakasema wanakwenda kuangalia meli. Nikabaki na binti yangu juu ya leso.

"Baba," akasema, "kuna jambo nataka kukuambia. Mama analijua."

Akaniambia kwamba miezi minne ya kwanza hakuwa akiswali mchana. Si kwamba aliikataa swala. Aliona haya kuuliza mahali pa kuswalia, akaogopa kutazamwa, akawa anaziahirisha mpaka usiku, kisha usiku akalala kwa uchovu, na mwishowe hata za usiku zikaanza kumponyoka. Alikula peke yake chumbani. Ilipofika Januari akaugua homa ya mapafu, siku tatu hakuna aliyemgongea mlango. Aliyegonga alikuwa huyu Mngazija, aliyekaa naye dawati moja na kuona kiti kitupu. Alipomwona hali yake akampigia mama yake, na mama yule akaja kwa basi jioni ile ile, akamvisha koti lake mwenyewe, akamchukua nyumbani kwake, akamlaza siku tisa. Katika siku hizo tisa ndipo aliporudi kwenye swala, akiamshwa alfajiri na mtu asiye mama yake kwa sauti kama ya mama yake.

"Ijumaa zile zote," nikasema, "nilikuwa nikikuuliza."

"Ulikuwa ukiniuliza, Baba. Nikikujibu la, ungenirudisha nyumbani. Na ungenirudisha nikiwa nimeshindwa masomo na dini vyote viwili."

Wasomaji wangu, mimi nimefundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimesimama mimbarini nikawaambia wazazi wawe mahali pa salama kwa watoto wao. Na mtoto wangu mwenyewe aliugua katika nchi ya ugeni akanificha, kwa sababu kwangu alipaona mahakamani. Mama yake alimwambia siri hiyo naye akaihifadhi, si kwa kunidharau, bali kwa kuningoja nifike mahali pa kuweza kuisikia.

Nikakumbuka jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, mwanafunzi Lamu, nilizama katika mpira kiasi cha kupitwa na Alasiri wiki nzima. Ustadhi wangu alijua. Hakunipiga, wala hakumwandikia marehemu baba. Alikuja kiwanjani siku ya saba, akakaa kwenye mchanga mpaka mchezo ukaisha, kisha akanambia, "Haya, twende." Lau angemwandikia baba, ningerudishwa Mombasa kutia mizigo dukani, na leo nisingekuwa nikiandika ukurasa huu. Nikamsimulia binti yangu habari hiyo pale ngomeni. Akanitazama kwa mshangao mkubwa. "Wewe, Baba?" Mimi, naam. Nikamwomba radhi. Yeye naye akaniomba radhi kwa uongo wa zile Ijumaa, nasi tukasameheana, jua likiteremka upande wa visiwa.

Wenzake waliporudi hawakuuliza kitu. Walitazama nyuso zetu tu, wakafurahi. Tukarudi mjini kwa miguu. Katika duka dogo tulinunua sabuni za Marseille kuwa zawadi za nyumbani. Sabuni hiyo ya mche ni maarufu tangu zamani; amri ya mfalme ya mwaka 1688 iliwataka watengenezaji watumie mafuta ya zeituni bila kuchanganya na mengine, na hadi leo mche wa asili hugongwa muhuri wa 72%, yaani kiasi cha mafuta. Siku hizi ziko pia za michikichi, na nyingine hutiwa mafuta ya wanyama, kwa hiyo soma maandishi kabla ya kulipa.

Magharibi iliingia kabla ya saa moja. Tuliiswali katika msikiti mdogo, chumba cha chini ya jengo la makazi, wasichana wakiingia kwa mlango wao wa kando. Mwaka 2010 liliwekwa jiwe la msingi la msikiti mkuu wa mji huu, lakini mradi ule ukakwama, na Waislamu wengi wa Marseille bado huswali katika vyumba kama hivi. Safu zilijaa hadi kwenye viatu. Kushoto kwangu alikuwa Msenegali, kulia Mtunisia.

Nilirejea Mombasa peke yangu. Kaka yangu aliponiuliza, nikamwambia kwamba mtoto atamaliza masomo yake. Akanitazama kwa muda, kisha akauliza kama anakula vizuri. Nikamwambia kuna Mngazija anampikia kisamvu.

Na sasa nawajibu kina mama wanaonisimamisha baada ya darsa. Siwezi kusema kila binti aende, wala kila binti akae. Lakini kabla hamjaulizana habari za karo, ulizeni haya. Je, swala yake ni yake, au ni ya kuamshwa na nyinyi? Akifika huko, ni mlango gani wa nyumba ya Kiislamu anaweza kuugonga usiku? Rafiki yake wa kwanza atakuwa nani, maana mtu hufuata mwenendo wa rafiki yake? Na la mwisho ni la kujiuliza wenyewe: siku atakayoteleza, ni nani katika nyumba hii anayeweza kumwambia ukweli bila kuogopa? Kama hayupo hata mmoja, basi tengenezeni hilo kwanza, hata kama mtoto haendi popote. Nyumbani kwangu alikuwapo mmoja, naye hakuwa mimi.

Bado nampigia kila Ijumaa. Lakini siku hizi naanza kwa kumuuliza amekula nini, na amekula na nani, na wiki hii ameona nini. Wiki iliyopita alizungumza dakika arubaini. Mwisho wa mazungumzo, bila mimi kumuuliza, akanambia kwamba siku ya Jumanne Alfajiri ilimpita, akailipa. Nikamwambia marahaba.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio mbali na walio karibu, awalipe kheri wanaowafungulia milango, na atujaalie sisi wazazi nyoyo zinazoweza kuambiwa ukweli. Amin.

Wassalaamu alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.